Meno ya Baba Hayakuvunjika

Baba alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemshauri abadilishe meno yake ya bandia: "Kwani yamevunjika?" Ukikiri kwamba hayajavunjika, anavuta kiti chake kwenye jua la asubuhi, na habari hiyo imekwisha.

Kwa mkazi wa Tunduma jibu hilo lina mashiko. Huu ni mji wa malori na mafundi. Injini inafumuliwa na kufungwa upya kando ya barabara huku dereva akisonga ugali chini ya tela, akingoja zamu yake ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Tairi lililokwisha linakatwa katambuga. Kilichovunjika kinachomelewa, kisichovunjika hakiguswi, na anayetupa kitu kizima watu wanamwona hajawahi kuihangaikia shilingi. Mimi ni wakala wa forodha, mpaka huu umenilea na umenisomeshea watoto, na sikuwa na hoja ya kumjibu Baba. Niliipata baadaye. Meno bandia hayafi kwa kuvunjika. Yanaweza kubaki mazima, yakang'aa hata kwenye glasi ya maji, kumbe kazi yalishaiacha zamani.

Baba aliajiriwa na Tazara mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya reli kukabidhiwa rasmi. Alikuwa kwenye gengi la matengenezo ya njia, kipande cha huku kwetu, kutoka Mlowo na Vwawa hadi mpakani. Ilikuwa kazi ya sururu na nyundo, na baridi ya Juni ikikata masikio. Jino likimuuma, tiba ilikuwa moja tu. Alipanda treni shavu limevimba, akarudi na pamba mdomoni na jino pungufu. Habari za kuziba jino hazikufika kwenye gengi. Alipostaafu mwaka 2000 alikuwa amekwisha kung'olewa yote. Akaenda Dar es Salaam kufuatilia mafao, akakaa kwa ndugu zetu Temeke kwa muda ambao Mama aliuona mrefu kupita kiasi, na aliporudi alikuwa na meno, juu na chini.

Mama alimtazama pale mlangoni, akajifunika uso kwa kanga na kucheka mpaka akakaa chini. Wenzake Baba walinunua mashine za kusaga, wengine mabati. Yeye sehemu ya mafao yake aliiweka mdomoni. Nadhani mtu akilijua hilo ataelewa kwa nini baadaye ilikuwa vigumu kumwambia ayaache. Yalikuwa ndiyo kiinua mgongo chenyewe.

Kwa miaka ya mwanzo yalimtumikia vizuri. Alikula nyama, alitafuna karanga, alisoma masomo kanisani. Yeye ni mzee wa kanisa, Moraviani, kanisa lililofika Mbozi tangu 1899, na sauti yake ilikuwa inasikika hadi benchi la nyuma bila kipaza sauti.

Kilichofuata kilikuja polepole kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema kilianza lini. Kwanza yalimshinda mahindi ya kuchoma. Hilo halikutushtua, maana gunzi ni mtihani kwa mtu yeyote mwenye meno ya kuweka. Kisha ikaja zamu ya karanga. Alisema vipande vinaingia chini ya seti ya chini na kumchoma. Kisha nyama. Jumapili nilikuwa namwona anaizungusha mdomoni, anafyonza mchuzi wake, halafu anaitoa kwa adabu kwenye kiganja na kuificha chini ya ukingo wa sahani. "Siku hizi wanachinja ng'ombe wazee," alisema. Mama hakubishana. Akaanza kumkatia vipande vidogo, baadaye vidogo zaidi, na hatimaye alikuwa anampakulia mchuzi na maharage tu, wala hakuna aliyetamka neno. Nyumba nyingi zina makubaliano ya namna hiyo.

Halafu ikaja sauti. Alipoomba kabla ya chakula, meno yalikuwa yanagongana, tak, tak, na kila neno lenye herufi "s" lilitoka na mluzi mdogo. Wajukuu walikuwa wanabana midomo kwa kucheka. Kanisani akaacha kujitolea kusoma, akasingizia miwani. Tukamnunulia miwani mipya.

Uso nao ulikuwa unabadilika. Kidevu kilisogea juu na mbele, kikaifuata pua, midomo ikazama ndani, mashavu yakaingia. Ukiiweka picha yake ya mwaka aliostaafu kando ya ile ya kadi ya mpiga kura, ungesema ni watu wawili wa ukoo mmoja. Sote tulisema ni uzee. Uzee ni neno zuri sana la kumalizia maswali.

Kilichotutoa usingizini ni midomo. Kwenye pembe zote mbili za mdomo ilitokea mipasuko myekundu, yenye utando mweupe, ikawa haiponi. Anailamba, inakauka, inapasuka tena. Mama alimpaka mafuta ya nazi, akampaka asali. Wakati huo huo alikuwa amekonda, suruali zake zimeongezwa matundu ya mkanda kwa msumari.

Sasa hebu fikiria mji wenyewe. Tunduma ni mji wa barabara kuu na wa wageni wanaolala siku mbili tatu wakisubiri makaratasi. Ukimwi ulitupitia hapa na tulizika. Watu wa mji huu wanajua kusoma mwili wa mtu: mzee aliyekonda, mwenye midomo iliyochanika na utando mweupe mdomoni, aliyefanya kazi ya reli akilala kambini. Kwenye msiba mmoja mtaa wa Sogea nilifika kwenye mkeka wa wanawake, na mazungumzo yakakatika. Nilijua wanasema nini. Hata leo siwalaumu sana, kwa sababu fangasi za mdomoni kweli zinaweza kuwa dalili ya kinga iliyoshuka.

Mama ndiye aliyeamua. Asubuhi moja alivaa kitenge chake cha kanisani, akamwambia Baba mbele yangu, "Baba wa watoto, tunakwenda kupima. Wote wawili." Baba hakujibu. Akachukua kofia yake. Nikawapeleka.

Hawakuwa na virusi, yeye wala Mama. Muuguzi aliyetoa majibu angeweza kutuaga pale pale, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha. Lakini aliutazama mdomo wa Baba akasema, "Babu, naomba utoe meno nione." Baba akanitazama mimi. Tangu alipoyapata sikuwa nimewahi kumwona Baba bila meno. Alikuwa anayatoa gizani, au hayatoi kabisa. Nikaelewa, nikatoka nje nikasimama karibu na bomba.

Aliponiita, muuguzi alikuwa ameweka seti zote mbili kwenye sahani ya chuma. "Haya ni ya lini?" Ya mwaka 2000, nikasema. Sisi tulikuwa 2019, mwaka ambao kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa pale mpakani na mimi nilikuwa na kazi mpaka usiku. Akaniomba nisogee nitazame kaakaa la Baba. Lilikuwa jekundu kote, mstari wa wekundu ukifuata kwa usahihi kabisa ukingo wa seti ya juu, mithili ya ramani iliyopigwa mhuri. Fangasi, akasema, zinakaa chini ya meno ambayo hayatoki usiku na mchana, na zile pembe za mdomo zinapasuka kwa sababu mdomo unafunga kupita kiasi: meno yamesagika na mfupa wa taya umepungua, basi ngozi inakunjana pale pembeni na mate yanatuama kwenye mkunjo. Akaandika rufaa ya Mbeya, kwa daktari wa meno.

Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni safari ya kilomita mia moja na ushei, na siku hiyo Costa ilisimama Mpemba, Vwawa, Mlowo, Mbalizi na kila penye mtu aliyeinua mkono. Baba alikaa dirishani akitazama reli kila ilipojitokeza. Nilijua anajiandaa.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Akamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, binti yangu," Baba akasema, na bila kungoja kuulizwa, "lakini daktari, hayajavunjika."

"Kweli kabisa, mzee, hayajavunjika," akasema yule binti, na nikamheshimu kuanzia hapo, maana wengi wangeanza na kubisha. Aliinua seti ya chini kwenye mwanga wa taa, akamwonyesha magego: yalikuwa bapa, vile vilima na mabonde ya kusagia yameisha. Kisha akakoroga dawa laini nyeupe, akaipaka upande wa ndani unaokaa juu ya fizi, akamrudishia mdomoni na kumwambia aume, asiachie. Dawa ilipoganda akaitoa seti. Mahali ambapo meno yalikuwa bado yanakutana na fizi, dawa ilikuwa imeminywa ikaisha, plastiki ya pinki inaonekana. Mahali pengine ilikuwa imebaki nene kuliko sarafu ya shilingi mia. "Hapa penye unene," akasema, "mzee, hapa fizi yako haipo tena. Unavaa juu ya hewa."

Baba alikichukua kile kitu mkononi, akakigeuza, akapitisha ukucha kwenye ile dawa. Alikaa kimya hadi mimi nikaona haya kwa niaba ya daktari. Halafu akanigeukia mimi. "Reli haijakatika," akasema. "Kokoto zimehama."

Daktari hakuelewa, ikabidi nimweleze. Mtu wa gengi anajua kwamba chuma cha reli kinaweza kuwa kizima kabisa, lakini mvua ikichukua kokoto na udongo chini ya mataruma, njia inalegea, inacheza, na treni inapewa amri ya kutambaa. Huibadilishi reli kwa sababu imevunjika tu. Unaangalia inakaa juu ya nini. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kumshawishi tena.

Na ndivyo ilivyo kwa elimu ya kinywa. Mfupa wa taya unaishi kwa ajili ya meno. Jino likishang'olewa, ule mfupa uliolishika hauna kazi, na mwili unaanza kuupunguza: kwa kasi sana mwaka wa kwanza, kisha polepole, maisha yote. Mtafiti Antje Tallgren alichapisha mwaka 1972 kazi iliyofuatilia watu wenye meno bandia kamili kwa miaka 25, na akakuta taya la chini lilipungua kwa wastani mara nne ya lile la juu. Ndiyo maana kila mzee atakwambia ni seti ya chini inayomsumbua. Ya juu ina kaakaa zima la kushikilia, na utando wa mate unaifyonza ibaki pale. Ya chini imekaa kwenye tuta jembamba, huku ulimi ukiisukuma kila neno. Mate nayo yanapungua, hasa kwa wanaotumia dawa. Baba alikuwa na dawa za presha za kukojoza, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mdomo wake mkavu na meno yake yanayoteleza ni habari moja.

Nikamuuliza daktari, meno haya yalipaswa kudumu miaka mingapi? Alikwepa kunipa tarehe, na nadhani alifanya vizuri. Akasema kwa kawaida ni kati ya miaka mitano na kumi, lakini cha muhimu ni kuangaliwa kila mwaka, kwa sababu wakati mwingine yanayohitajika si meno mapya, ni bitana. Unapelekwa maabara, wanaongeza tabaka la akriliki upande wa ndani kulingana na fizi zilivyo sasa, na unarudi nyumbani na meno yale yale yamekaa. Kwa Baba muda wa bitana ulikuwa umepita. Magego yalishasagika na mdomo ulishashuka. Ukiweka bitana unarekebisha sakafu na kuacha paa limeinama.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba waliomtengenezea mwaka 2000 hawakumwambia arudi. Si baada ya mwaka, si baada ya miaka mitano. Walimpa meno na pongezi. Kwa hiyo alipokuwa anasema "kwani yamevunjika?" hakuwa mbishi. Alikuwa anafuata maelekezo yote aliyopewa.

Siku ile hatukupimwa meno. Baba alidhani tutarudi Tunduma na meno mapya kwenye mfuko, kumbe daktari alikataa hata kuanza. Fizi zilizovimba na kuota nyama kwenye ukingo zinadanganya kipimo. Ukichukua chapa yake, unatengeneza meno ya mdomo mgonjwa. Akampa dawa ya fangasi, akamwambia seti ya zamani ikae nje ya mdomo kwa wiki mbili, mchana na usiku.

Wiki hizo mbili zilikuwa ngumu kuliko pesa. Baba alijifungia. Hakwenda kanisani wala hakukaa tena kwenye jua lake mbele ya nyumba, kwa sababu barabara inapita pale. Mgeni akipiga hodi, anaingia chumbani. Mjukuu wake mdogo alimkuta jikoni bila meno, akamtazama sana, akamwonyesha pengo lake mwenyewe la mbele ambapo jino la utoto lilikuwa limetoka. Walicheka wote wawili. Kuanzia hapo alikuwa anakula uji pamoja naye.

Tuliporudi Mbeya fizi zilikuwa zimetulia, pembe za mdomo zimefunga. Ikaanza kazi yenyewe, ambayo ni safari kadhaa, na hapa watu wengi wa mikoani wanakata tamaa. Kwanza chapa ya fizi, kwa dawa iliyowekwa kwenye trei ya chuma. Kisha chapa nyingine yenye makini zaidi. Kisha vipande vya nta vya kupima taya mbili zinakutana wapi na uso uwe na urefu gani. Kisha meno yanapangwa kwenye nta, unayavaa hivyo hivyo, unaangalia kioo, na huo ndio wakati wa kusema, maana nta inabadilika na akriliki ikishaiva haibadiliki kirahisi.

Baba alitaka rangi nyeupe kuliko zote kwenye kile kibao cha sampuli. Mama, ambaye safari hiyo alikataa kubaki nyumbani, akasema, "Hayo ni ya mtangazaji wa televisheni. Wewe ni mzee wa Mbozi." Akachagua yenye manjano kidogo. Halafu akamwambia daktari jambo ambalo sisi watoto hatukulijua: kwamba alipoolewa, Baba alikuwa na mwanya. Meno yote mawili ya mbele, juu, yameachana kidogo, na ndio mwanya uliomfanya amtazame mara ya pili. Seti ya mwaka 2000 iliyapanga meno yakabanana, na Mama alikaa na mtu asiye na mwanya muda wote ule bila kulalamika. Daktari akachukua kisu kidogo, akaipasha moto ncha yake kwenye taa ya spiriti, akalegeza nta na kusogeza meno mawili. Akamrudishia. Baba akajitazama kwenye kioo, kisha akamtazama Mama, na mimi nikaona nitoke tena nje nikasimame karibu na bomba la huko.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mapya yakija shida inakwisha. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa lawama. Yalimchuna huku, yakambana kule, mdomo ulijaa, na maneno yalimtoka kama mgeni wa Kiswahili. Hii ni kawaida: misuli iliyojifunza kwa miaka kushikilia meno legevu inahitaji kufundishwa upya. Lakini Baba hakuamini. Mama akaja kuipata seti ya zamani mfukoni mwa koti lake, imefungwa kwenye leso. Alikuwa anavaa mapya nyumbani na kuvaa ya zamani akienda kwa rafiki zake. Daktari alipoambiwa alikuwa mkali kwa mara ya kwanza. Ukibadilishanabadilishana hivyo, fizi hazizoei yoyote, na ya zamani inarudisha vidonda ambavyo mapya yanalaumiwa. Akasugua pale palipochuna, tukarudi tena akasugua tena, na ya zamani Mama akaichukua. Hajasema aliipeleka wapi.

Habari zikasambaa. Wazee wa mitaa ya Majengo na Maporomoko wakaanza kunijia ofisini kwangu, baadhi kwa kisingizio cha kuulizia kodi ya mzigo. Nikajua mengi. Mama mmoja muuza mitumba alikuwa ameunganisha seti iliyopasuka kwa gundi ya kubandikia soli za viatu. Mzee mwingine alikuwa anapunguza ukingo unaochoma kwa msasa. Mwingine alikuwa anachemsha meno kwenye sufuria ili kuua wadudu, na hakuelewa kwa nini hayakai tena. Maji ya moto yanaipinda akriliki. Na karibu wote walikuwa wanalala nayo. Hili la kulala nayo nililichukulia jambo dogo mpaka niliposoma utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi: waliokuwa wanalala na meno bandia walikuwa na hatari ya kupata nimonia zaidi ya mara mbili ya wasiolala nayo. Vijidudu vinavyokaa kwenye meno machafu vinashuka na pumzi usiku. Dawa yake haina gharama. Yatoke usiku, yasuguliwe kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, yalale kwenye maji ya baridi.

Wapo pia waliokuja na sifa za fundi wa mtaani anayeweka meno kwa siku moja, tena nusu bei. Kwa hao nina maneno machache. Sheria ya mwaka 2017 inataka watoa huduma ya meno wawe wamesajiliwa, na si kwa urasimu tu. Anayekutengenezea meno bila kuchunguza mdomo anaweza kufunika kwa plastiki safi kidonda ambacho kilipaswa kukatwa kipande na kupimwa saratani. Ukingo wa meno makuukuu ukisugua pale pale kwa miaka, kidonda kinazoeleka. Na kinachozoeleka ndicho hatari.

Kuna mmoja aliyeniambia kwamba meno ya kweli ni ya Ulaya, haya yetu ni ya kimaskini. Nikamweleza habari za George Washington. Alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja la asili, na meno yake bandia yalichongwa kwa pembe za viboko, yakachanganywa na meno ya watu na madini. Viboko, wanyama wale wale tulio nao Ziwa Rukwa. Yalimuumiza na kumsumbua maisha yake yote ya uongozi. Akriliki tunayoivaa leo iliingia kwenye kazi ya meno mwishoni mwa miaka ya 1930, na hiyo hiyo ndiyo wanayovaa wastaafu wa London na wa Vwawa. Tofauti iko kwenye nani anaangaliwa kila mwaka na nani haangaliwi.

Si kila aliyekuja alihitaji mapya. Jirani yetu mmoja nilimsindikiza Mbeya akiwa na hofu ya gharama, akarudi na bitana tu. Mwingine meno yake yalikuwa sawa, tatizo lilikuwa mdomo mkavu. Ndiyo maana sipendi mtu anayesema meno yakifika mwaka fulani yatupwe. Yapimwe. Yanayolegea ukiongea, yanayogongana, yanayoacha vidonda, yaliyosagika bapa, yanayokulazimisha kuacha vyakula kimoja baada ya kingine, yaliyoanza kunuka hata baada ya kusafishwa, hayo yameshatoa taarifa. Na anayenunua gundi ya meno kopo baada ya kopo ajue analipa kwa rejareja gharama ya bitana.

Gharama ni ya kweli, sitaipuuza. Ya Baba ilikuwa bei ya magunia kadhaa ya mahindi, ukiacha nauli na siku za kazi zilizopotea, na Songwe, hata baada ya kuwa mkoa kamili mwaka 2016, bado watu wake wanaitazama Mbeya kwa mambo mengi ya kitaalamu. Lakini tulipokaa kama ndugu kuchangishana, niliona haya. Miezi michache nyuma, watoto hao hao wa mzee huyo tulikuwa kwenye kamati ya harusi ya binamu, na kila mmoja aliahidi na kulipa. Kuna sherehe na kuna msiba, na kwa vyote viwili tuna daftari. Tungemnunulia Baba jeneza la vioo bila kubishana bei. Kwa meno ya kulia nyama akiwa hai ilibidi tuitishe kikao mara mbili.

Meno ya 2019 nayo hayajavunjika. Baba anayavaa, amerudi kusoma kanisani, nyama anaitafuna kwa upande wake wa kulia kama alivyokuwa anafanya zamani. Kila mwaka tunampeleka yaangaliwe, na safari iliyopita daktari aliweka bitana seti ya chini, akaiacha ya juu.

Wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye meno ya bandia, muulize yalitengenezwa mwaka gani. Muulize faragha, wala usimwombe ayatoe mbele yako. Tazama anaacha nini kwenye sahani. Akiwa na kidonda cha mdomo kilichopita wiki mbili bila kupona, usisubiri mwisho wa mwezi. Kliniki ya meno inampokea hata yule asiyebakiwa na jino la kuuma, na kuangaliwa fizi hakumalizi nusu saa.